Stoo ya Mwisho wa Reli

Kila kinachosahauliwa kati ya Dodoma na hapa
kinashuka Kigoma.
Reli haina mbele tena; mbele ni maji.
Nakipokea, nakiandikia karatasi:
behewa, tarehe, rangi.
Mwenyewe: hajulikani.

Mwavuli, mwavuli, mwavuli.
Dumu la asali ya Urambo, lita tano.
Kiatu cha mtoto, cha kushoto.
Gongo la kiwete. Hilo hadi leo linanichekesha:
alishukaje?

Watu huja na aibu zao, wanaapa,
"Nilikuwa nacho mkononi, dada."
Siwacheki. Chuoni Kasulu, kabla ada haijanishinda,
mkufunzi Kibwegere alitufundisha kusahau
kwa chaki ya njano:
lisiloguswa huota kutu;
jipya hukalia kiti cha la zamani;
mengine hayakuingia kabisa, jicho liliona
akili ikiwa sokoni;
na mengine yamo, yametulia ndani,
ufunguo ndio uliopotea.
Niliandika yote. Daftari lile sijui liko wapi.

La ufunguo nimelishuhudia.
Mama mmoja wa Uvinza alisimama hapo mlangoni
hajui hata alichopoteza. "Kitu," anasema, "kitu changu."
Nikafungua kabati la nguo, ikatoka harufu ya dawa ya nondo,
akapiga makofi kama msichana:
"Koti! Koti la harusi ya mwanangu!"

Lakini moja Kibwegere hakuliandika.
Alilisema akifuta ubao, mgongo kwetu:
lipo linalosahauliwa
kwa kuwa likikumbukwa, nyumba haitasimama.

Nilizaliwa na mwenzangu.
Yeye Bukuru, mimi Butoyi, kama pacha wote wa Buha.
Homa ilimchukua tukiwa na miaka tisa,
na jina lake likakunjwa pamoja na nguo zake.
Mama hakulitamka tena. Baba hakulitamka tena.
Nikabaki Butoyi, yaani mdogo.
Mdogo kuliko nani?

Uso wake sinao.
Ninayo picha, ya studio moja ya Mwanga,
nyuma yetu pazia lenye ndege na maporomoko.
Kila nikimkumbuka naikumbuka picha,
hata picha imemla.
Watu husema, si mlifanana? Tazama kioo.
Kioo kina mwanamke wa miaka arobaini na minne,
mwenye kitambulisho cha shirika shingoni.
Yeye ana tisa.

Mwaka huu mama ameanza kuacha vitu.
Kwanza chumvi. Kisha siku za juma. Kisha wajukuu,
mmoja mmoja, kama abiria wa vituo vidogo.
Daktari anasema ugonjwa huu huanza na ya jana,
ya utotoni huyafikia mwisho.
Nimemwelewa. Ni gunia linalochotwa kutoka juu.

Jana jioni nachambua dagaa, mvua inapiga bati,
akaita kutoka chumbani,
kwa sauti ya mama mwenye watoto wadogo,
jina ambalo nyumba ile haikulisikia
miaka thelathini na mitano.

"Bukuru!"

Mkono wangu ukasimama juu ya ungo.
Kazini ningeandika:
jina, moja. Limepatikana. Hali yake: zima.
Mwenyewe

"Abee, mama."

Nikaenda. Akanishika kidevu, akanitazama sana,
akaridhika.
"Na mdogo wako yuko wapi usiku huu, na mvua hii?"

"Yuko stesheni, mama," nikamwambia.
"Anafunga stoo. Anarudi."